Imani ya Jumatatu hadi Jumamosi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa mlangoni baada ya ibada, kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba, na kwa simu usiku mtu anapokosa usingizi. Majibu ni ya wachungaji wa Kilutheri nchini Tanzania, lakini Mmoravia, Mwanglikana au Mkristo wa kanisa lingine atakuta mengi anayoyafahamu. Tumejibu kwa mambo ya kufanya, kwa sababu waumini wengi wanaotujia hawajapungukiwa na mafundisho. Wanachokosa ni namna ya kuyaingiza katika siku yenye foleni, mtoto mwenye homa na kodi ya nyumba inayodaiwa.

Sina muda wa kuomba. Nianzie wapi?

Anza na dakika tano, saa ile ile kila siku, kabla hujashika simu. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliwapa watu wa kawaida utaratibu, na hadi leo hatujaona ulio rahisi kuliko huo. Ukiamka, sema "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha Imani ya Mitume, Baba Yetu, na ombi fupi la asubuhi. Baada ya hapo, anasema, nenda kazini kwako kwa furaha. Jioni utaratibu ni huo huo, na ukimaliza ulale mara moja.

Kosa tunaloliona zaidi ni mtu kutoka kwenye mkesha wa Ijumaa amewaka moto, akaamua kuomba saa nzima kila alfajiri. Jumatatu anaweza, Jumanne anajikokota, Alhamisi ameacha, na Jumapili anajiona Mungu amemkataa. Mungu hajamkataa. Alijipangia mzigo ambao hata mtawa hupewa kidogo kidogo.

Usiombe ukiwa umelala chali, utasinzia. Keti au simama. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala aseme Baba Yetu akiwa anatembea kwenda kituoni. Mama mwenye mtoto mchanga aombe anaponyonyesha. Hana haja ya kutafuta saa nyingine.

Nikipiga magoti nakosa la kusema.

Basi tumia maneno yaliyokwisha kuandikwa. Zaburi ziko 150 na zilikusudiwa kuombwa kwa sauti. Kwa mwenye hatia, Zaburi ya 51. Kwa anayeanza safari, ya 121. Usiku, ya 4. Kwa anayeona Mungu amemsahau, ya 13, ambayo ina aya sita tu. Na kama hali ni mbaya kiasi kwamba hata neno la shukrani litakuwa uongo, omba Zaburi ya 88, ambayo humalizikia gizani bila kusifu. Imo katika Biblia, kwa hiyo unaruhusiwa kuiomba.

Nisome Biblia kwa mpangilio gani?

Biblia yetu ya vitabu 66 ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka anahitaji sura tatu hadi nne kwa siku. Wengi huanza Januari mosi na Mwanzo, sura tatu kila siku. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo mwishoni mwa Januari wanaingia Mambo ya Walawi, kwenye sheria za sadaka za kuteketezwa na ukoma, na hapo ndipo wanapokwama. Hilo hutokea kila mwaka.

Kwa anayeanza, tunashauri Injili ya Marko: sura 16, moja kwa siku. Fuata na Matendo ya Mitume, kisha Wafilipi na Yakobo. Ukizoea, soma Agano Jipya lote. Lina sura 260. Ukisoma moja kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, utamaliza kwa wiki 52 kamili, na Jumamosi itabaki ya kufidia siku ulizoruka. Mithali ina sura 31, kwa hiyo unaweza kuisoma kwa tarehe: leo tarehe 14, sura ya 14.

Baada ya kusoma, andika mistari mitatu kwenye daftari. Andiko linasema nini juu ya Mungu? Linanigusa wapi leo? Nitafanya nini kabla ya kulala? La tatu liwe jambo linaloonekana, kama kumpigia mtu simu, kurudisha chenji iliyozidi au kuomba radhi. Ukiandika "nitakuwa mtu mwema zaidi", hujaandika kitu.

Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ndiyo inayosomwa zaidi makanisani na ina uzuri wake wa kukaririwa. Watoto na anayesoma kwa mara ya kwanza watumie Biblia Habari Njema. Si dhambi.

Ibada ya nyumbani inatushinda. Watoto wanasinzia, baba amechelewa.

Msimngoje baba. Aliyepo na aongoze. Dakika kumi na tano zinatosha, na saa nzuri kwa nyumba nyingi ni saa moja na nusu usiku, kabla ya chakula na kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Mtoto akishashiba, umeshampoteza.

Mpangilio ni huu: beti mbili za wimbo, aya tano hadi kumi zinazosomwa na mtoto mmojawapo, swali moja juu ya kilichosomwa, kisha kila mmoja ataje jambo moja la kuombewa. Malizeni kwa Baba Yetu. Zamu ya kuongoza izunguke, hata kwa mtoto wa miaka minane. Dada wa kazi aitwe, aketi walipoketi wengine, na zamu imfikie. Akibaki jikoni wakati mnasoma juu ya upendo, watoto wanajifunza kutoka jikoni, si kutoka kwenye kitabu.

Jambo linaloua ibada ya nyumbani kuliko usingizi ni sala ya kusemana. Mzazi anafumba macho na kusema, "Bwana, mguse huyu mtoto aache uvivu, asome kama wenzake." Mtoto anajua kwamba hapo anayesemeshwa ni yeye, mbele ya watu, na hana nafasi ya kujibu. Kama una neno naye, mwite pembeni ukazungumze naye.

Fungu la kumi ni kabla ya makato au baada? Na mfanyabiashara je?

Kwa mwenye mshahara, Maandiko hayakuzungumzia makato ya hifadhi ya jamii wala kodi ya mapato. Chagua moja, kwa dhamiri safi, na ulishike mwaka mzima. Mwenye kutoa kwa kile kinachoingia mkononi hajamwibia Mungu.

Kwa mfanyabiashara, jibu ni faida, si mauzo, na hapa tunaomba usikilize vizuri kwa sababu tumeona magenge yakifungwa kwa kosa hili. Mama mwenye genge la nyanya na vitunguu ameuza siku nzima akapata shilingi 80,000. Bidhaa alizinunua kwa 62,000. Ushuru ni 1,000, bajaji ya kubeba mzigo 2,000. Kilichobaki ni 15,000, na fungu la kumi lake ni 1,500. Akitoa 8,000, yaani sehemu ya kumi ya mauzo, amekula zaidi ya nusu ya faida yake. Nyumbani bado kuna kula na nauli, kwa hiyo tofauti ataitoa kwenye mtaji. Akifanya hivyo kila siku, mtaji utaisha, na muumini atajiuliza kwa nini ahadi ya baraka ya Malaki 3:10 haikutimia kwake. Andika mauzo na matumizi kila jioni, na utoe mwisho wa wiki.

Mkulima atoe baada ya mavuno, na anaweza kutoa mazao yenyewe. Ndiyo maana baada ya ibada tunakuwa na mnada wa ndizi, mayai na mahindi. Mwanafunzi asiye na kipato hadaiwi kitu.

Paulo anatoa utaratibu mzuri katika 1 Wakorintho 16:2: siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Maana yake sadaka hupangwa nyumbani. Noti inayotafutwa mfukoni wakati kapu liko benchi la mbele haijapangwa.

Ukitoa kwa bahasha, andika namba yako na aina ya sadaka: ahadi, shukrani au jengo. Ukitoa kwa simu, tuma kwenye namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la usharika, wala usitume kwenye namba binafsi ya mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa, hata kama unamwamini. Hiyo inamlinda na yeye pia. Taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, sikiliza, na ukiwa na swali uliza. Kuuliza si uasi.

Kama mama yako mzazi hana dawa ya presha na ulichonacho ni ile bahasha, nunua dawa. Yesu aliwakemea vikali waliowanyima wazazi wao kwa kisingizio kwamba mali imewekwa wakfu. Soma Marko 7:9–13.

Nadaiwa. Nilipe deni kwanza au nitoe sadaka?

Lipa deni kwa tarehe uliyoahidi, na utoe sadaka ndogo usiyoikopea. "Asiye haki hukopa wala halipi," inasema Zaburi 37:21. Sadaka iliyotoka kwenye pesa ya mtu anayekudai ni pesa yake, si yako.

Mkopo wa mtaani, ule unaoitwa kausha damu, tunausema hata madhabahuni kwa sababu unabomoa nyumba. Hesabu iko hivi. Umekopa 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwezi unapeleka 60,000 ya riba tu. Baada ya miezi minne umelipa 240,000 na deni la 200,000 liko pale pale, halijapungua hata shilingi. Walimu na wauguzi wengi hufikia hatua ya kumwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri. Usifanye hivyo kamwe. Kama umeshafanya, nenda benki ukabadilishe namba na uombe kadi mpya, kisha ukae na mkopeshaji mbele ya shahidi mpange namna ya kulipa mtaji wake.

Ukitaka kutoka, mwambie mwenzi wako kwanza. Madeni mengi hukua kwa sababu yamefichwa chumbani. Kisha orodhesha yote: unadaiwa na nani, kiasi gani, riba gani. Anza na lenye riba kubwa zaidi. Uza kisichohitajika. Usikope VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kulipa kausha damu bila wanakikundi kujua, maana ukishindwa utakuwa umewaburuta watu 20 walioweka akiba zao kwa uaminifu. Na usisimame kutaja ahadi ya jengo kwa sababu jirani yako amesimama.

Juu ya kumdhamini mtu: Mithali 22:26–27 imeonya waziwazi. Dhamini kiasi ambacho uko tayari kukilipa mwenyewe, kwa maana mara nyingi utakilipa.

Tunaishi pamoja miaka sita, tuna watoto, hatuna pesa ya harusi. Tufanyeje?

Njooni ofisini wiki hii. Ndoa haihitaji ukumbi, keki wala kamati ya watu 40. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na ndiyo sababu kanisa hutangaza Jumapili tatu. Leteni vyeti vya ubatizo na kipaimara, muwe na mashahidi wawili, na mhudhurie mafundisho. Mnaweza kubarikiwa katika ibada ya kawaida ya Jumapili mkiwa na nguo mlizo nazo.

Kinachowachelewesha watu si kanisa, ni aibu ya kutofanya sherehe. Wazazi wanaosema "hatutaki harusi ya kimya" wanawaweka watoto wao nje ya Meza ya Bwana kwa ajili ya muziki na vinywaji. Tunalisema hilo kwa uchungu.

Mume wangu ananipiga. Niliambiwa nivumilie na kuomba.

Uliambiwa vibaya. Hakuna andiko linalompa mume ruhusa ya kumpiga mke. Waefeso 5:25 inamwamuru ampende kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Sheria pia iko wazi: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Kwanza, toka mahali pa hatari pamoja na watoto. Nenda kwa ndugu, jirani au mzee wa kanisa wa kike unayemwamini. Ukifika kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3, uende hospitali ukatibiwe na majeraha yaandikwe. Kama umelazimishwa tendo la ndoa, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi. Vyeti na simu viweke mahali utakapovipata haraka.

Kwa wazee wa kanisa wanaosoma hapa: msiwaite wote wawili kwenye kikao kimoja siku ya kwanza. Mwanamke hawezi kusema kweli mbele ya anayempiga, na akisema, atapigwa wakirudi. Msikilizeni peke yake, mkaribisheni, na mwanamume aitwe kando. Usuluhishi huja baadaye, na wakati mwingine hauji. Msamaha haumlazimishi mtu kurudi chini ya ngumi.

Nimeombewa nikapona. Niache dawa?

Usiache. Nenda na furaha yako hospitali ukapimwe. Yesu alipowatakasa wale wenye ukoma kumi aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), yaani kwa watu waliokuwa na kazi ya kuthibitisha. Hezekia aliomba, Mungu akamjibu kupitia Isaya, na bado jipu lake likawekwa mkate wa tini (2 Wafalme 20:7). Yakobo 5:14 inawaita wazee wampake mgonjwa mafuta. Hakuna mahali inapoandika bei ya chupa. Mafuta, maji au udongo unaouzwa kwa jina la upako, uache.

ARV hunywewa kila siku maisha yote. Kipimo kikionyesha virusi havionekani, hiyo ni kazi ya dawa, na ukiziacha virusi hurudi. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi sita. Kikohozi huisha mapema na hapo watu huacha, kisha ugonjwa unarudi ukiwa sugu kwa dawa. Dawa mseto ya malaria ni dozi sita kwa siku tatu, na hufanya kazi vizuri ukinywa na chakula chenye mafuta. Mshukuru Mungu kwa kila kidonge, kwa sauti, ukiwa umeshika glasi ya maji.

Nafanya kazi Jumapili. Natenda dhambi?

Muuguzi, mlinzi, dereva wa basi na anayekamua ng'ombe hawatendi dhambi. "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu" (Marko 2:27). Nenda ibada ya kwanza kabla ya zamu, au hudhuria jumuiya yako katikati ya wiki, na utenge nusu siku nyingine isiyo na kazi. Bodaboda wanaoendesha siku saba mfululizo tunawaambia wazi: uchovu unaua barabarani, na abiria wako ni mtoto wa mtu.

Nifunge namna gani wakati wa Kwaresima?

Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, ukiondoa Jumapili sita, ni siku 40. Anayeanza achague siku moja kwa wiki, aruke kifungua kinywa na chakula cha mchana, anywe maji, afungulie jioni kwa uji kabla ya chakula kizito. Pesa ya chakula kilichorukwa mpe mwenye njaa. Bila hiyo, Isaya 58 inasema mfungo huo Mungu haukuuchagua. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa zinazohitaji chakula wasifunge kula. Wafunge mitandao, au soda, au kubeti, ambako kunamaliza mishahara ya vijana wetu.

Niseme nini msibani?

Sema "pole", kaa, na ufanye kazi. Usiseme "Mungu alimpenda zaidi" wala "ni mipango ya Mungu" kwa mama aliyempoteza mtoto. Kabla ya kufika kaburini kwa Lazaro, Yesu alilia machozi huku akijua atamfufua.

Kazi zipo: kuchota maji, kupanga viti, kuandika daftari la rambirambi. Rambirambi zishikwe na watu wawili, ziandikwe jina na kiasi, na jioni zihesabiwe mbele ya mwanafamilia. Ugomvi mwingi wa misiba huanzia kwenye pesa ambayo haikuandikwa. Kilichobaki baada ya mazishi apewe mjane au mgane, si kamati.

Kisha mrudi. Siku ya maziko nyumba imejaa. Wiki ya tatu hakuna mtu. Jumuiya ipange watu wawili wa kumtembelea mfiwa kila wiki kwa miezi mitatu, na mmoja awe anayeweza kumsaidia makaratasi. Kifo kisajiliwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ili cheti kipatikane, maana benki, mifuko ya hifadhi ya jamii na mahakama ya mirathi vyote vitakidai. Tengenezeni nakala kadhaa zilizothibitishwa, na cheti chenyewe msimkabidhi shemeji kwa maneno kwamba atakirudisha. Mjane aambiwe mapema asisaini karatasi yoyote ya ukoo ambayo hajasomewa yote, na siku ya kikao cha ukoo aende na mzee wa kanisa akae karibu naye.